Kijitabu cha Bibi

Kitabu kile nilikiamini kwa sababu kilikuwa kinene. Mgongoni kilibandikwa namba 005.8, ambayo kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu maktabani kwa namba za mada, ndiyo nyumba ya usalama wa data, na ndani ya jalada mihuri ya tarehe za kurudishia ilikuwa imejipanga safu mbili. Mingi ni ya kuazima kwangu.

Mwaka 2018 nilikuwa nikijitolea maktaba kila Jumamosi mchana, kwenye kipindi cha watu wazima. Saa nzima tulishika kompyuta na simu janja, kisha nusu saa tukazungukia meza ya vitabu vipya kuzungumza habari zake. Zamu ile somo lilikuwa nywila, yale maneno ya siri ya kufungulia akaunti, na mwalimu nilikuwa mimi. Nikaandika ubaoni kama kitabu changu kilivyosema: herufi nane au zaidi, kubwa na ndogo zichanganywe, tarakimu iwemo, alama iwemo, na kila siku 90 ibadilishwe. Niliandika kwa madaha, utadhani nimeyabuni mwenyewe.

Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja aliyestaafu ukarani. Akafungua pochi, akatoa kijitabu kilichoshonwa upya kwa uzi mweusi, akanionyesha. Ukurasa mzima ulikuwa wa nywila zilizokatwa kwa rula, mstari mmoja mmoja, unadhifu wa kiofisi. Neno lilikuwa lilelile juu hadi chini. Kilichobadilika ni namba ya mwisho tu: alianza na 1, alikuwa amefika 14.

“Mwanangu, hapa nimebadilisha au sijabadilisha?”

“Umebadilisha, bibi, ila si hivyo inavyotakiwa.”

“Sasa kila miezi mitatu nitoe wapi neno jipya, na kichwa ni hikihiki?”

Watu wakacheka, halafu watatu wakakiri kwamba nao hufanya vivyo hivyo. Nikamjibu bibi kwamba usalama una gharama zake. Jibu hilo likinijia usiku, hadi leo najifunika shuka.

Mkutubi alikuwa mezani akivisha kitabu jalada la plastiki. Kilikuwa hakijapigwa hata muhuri. Yeye ana tabia ya kusoma kila anachokisajili, na kazi huchelewa kwa ajili hiyo, lakini siku ile tabia hiyo iliniokoa, au iliniumbua, sijui niseme lipi. Akaja mbele na plastiki ikining'inia upande mmoja, akaomba radhi kunikatiza, akatusomea.

Kumbe kanuni zangu za ubaoni zilitokana kwa sehemu kubwa na mwongozo uliotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo ikaandika mwingine: msiwalazimishe watu kubadilisha nywila kila baada ya muda, isipokuwa pana dalili kwamba imevuja, msiwabane kwa masharti ya kuchanganya alama, waacheni waandike ndefu, na nywila mpya ilinganishwe kwanza na orodha za zile zilizokwisha kuvuja. Bill Burr, aliyeandika ushauri ule wa mwanzo, alikuwa amestaafu tayari, na mwaka huohuo aliliambia gazeti kwamba mengi katika aliyoyaandika anayajutia. Sababu ilikuwa pale kiti cha mbele. Mtu akilazimishwa kubadilisha hubadilisha kidogo, na mwizi aliyeipata ya 13 hahitaji akili nyingi kuikisia ya 14.

Nikafungua kurasa za mwanzo za kitabu changu. Kimechapwa mwaka 2005. Kitabu cha historia cha umri huo bado ni kijana. Cha usalama wa kompyuta ni marehemu anayeendelea kuazimishwa.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye mazoea yangu ya kwenda rafu moja. Dewey alichapisha mpangilio wake mwaka 1876, hakuna kompyuta ya kuiwekea nafasi, na mambo yetu ya kidijitali yakaja kuchomekwa palipopatikana. Kompyuta zenyewe zimebanwa kwenye 004 hadi 006, athari zake kwa jamii ziko mbali kule 303.483, faragha iko 323.448. Unaweza kuazima miaka kumi upande mmoja usijue upande wa pili wanasemaje. Mezani tu, kwa wiki chache za mwanzo, vitabu hivi hukaa bega kwa bega kabla ya kutawanywa, nami kwenye meza ile nilikuwa nikizungumza tu, siazimi kitu.

Tukafuta ubao. Kitabu kipya kilieleza njia ya dadu aliyoibuni Arnold Reinhold mwaka 1995: unarusha dadu mara tano, unapata neno moja katika orodha ya maneno 7,776, unarudia hadi upate maneno ya kutosha nywila moja ndefu. Orodha ya Kiswahili hatukuwa nayo. Bibi ndiye aliyeelekeza macho kwenye kamusi. Tukakata vikaratasi kumi, 0 hadi 9, tukavitia kikapuni: chota mara tatu upate ukurasa, mara mbili upate neno la ngapi, kila ukichota rudisha. Likatoka “kunguni”. Likatoka “upawa”. Likatoka neno ambalo mkutubi alikataa kulisoma kwa sauti, darasa likavunjika mbavu. La mwisho, “machela”.

“Hayo hapo, bibi,” nikasema. “Yachukue.”

“Niyachukue ya nini, na ukumbi mzima mmeyasikia?”

Akabeba kamusi na kikapu hadi pembeni, akatupa mgongo. Alichota taratibu, akaandika kwenye kijitabu, na nikamwona akitikisa mabega kwa kicheko mara moja. Hakutuambia.

Jioni mkutubi akanyoosha mkono bila kusema kitu, nikampa kitabu changu kinene. Akakipiga muhuri wa IMEONDOLEWA, akakiweka kwenye sanduku la vya kugawa bure. Bibi, njiani akitoka, akakiokota, akakipima uzito.

“Cha nini tena hicho, bibi? Si umesikia kimepitwa?”

“Ndiyo maana nakitaka,” akasema, akichomeka kijitabu chake katikati ya kurasa. “Nani atakifungua?”