Bluu ya baridi na mafuta ya linsidi: kufufua bunduki kuukuu nyumbani Dodoma

Dawa ya bluu ya baridi, ile ya kurudishia chuma cha bunduki rangi yake nyeusi yenye bluu bila kukipika, huja kwenye kichupa kidogo, na wengi huamini kazi yote imo humo. Kazi ilishaamuliwa kabla kichupa hakijafunguliwa: kwenye usafi wa chuma, na kwenye maji ya kusuuzia. Bunduki nyingi zinazotoka na madoa kama ngozi ya chui hazikuharibiwa na dawa. Ziliharibiwa na mafuta ya vidole na maji ya kisima.

Kabla ya yote, bunduki iwe na leseni kwa jina lako, na uikague mara mbili kuwa haina risasi: fungua, tazama kwenye chemba, ingiza kidole uhakikishe. Risasi ziwe chumba kingine kabisa. Namba ya bunduki na mihuri ya kiwanda usiiguse kwa msasa hata kidogo. Kufuta namba ni kosa la jinai, na hata namba iliyofifia tu itakuletea maswali siku ya ukaguzi. Trigga, komeo na sehemu zote za kufyatulia ni za fundi wa silaha mwenye kibali. Hapa tunashughulika na ngozi ya nje tu.

Bluu ya kiwandani, ile ya moto, hupikwa kwenye kostiki soda na chumvi zake kwa joto la nyuzi 140 hivi, na chuma chenyewe hugeuka kuwa tabaka jeusi. Ya baridi ni tofauti: ni asidi yenye seleni na shaba, nayo hulaza utando mwembamba sana juu ya chuma. Kwa hiyo huchakaa upesi pale mkono unaposhika kila siku. Tunaishauri kwa viraka: mdomo wa mtutu uliopauka, ukingo wa kilinda trigga, skrubu, mstari uliosuguliwa na mkanda. Ukiipaka bunduki nzima utapata rangi, lakini baada ya msimu mmoja wa porini utarudia. Mahali pamoja tu ndipo inapoishinda ya moto bila ubishi, nayo ni bunduki ya mitutu miwili. Mitutu ile imeunganishwa kwa lehemu laini, na kostiki ya moto huila lehemu hiyo hadi mitutu iachane.

Tuje kwenye chuma. Kutu nyepesi iondoe kwa sufi ya chuma namba 0000, ile laini kabisa, na mafuta mepesi. Kama kutu imechimba, anza na msasa 320, malizia na 400, ukisugua kwa urefu wa mtutu na msasa ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha mbao ili usifanye mabonde. Bluu ya zamani iliyobaki vipande vipande hutoka kwa siki nyeupe ya asilimia 5. Lowesha kitambaa, kifunike sehemu hiyo dakika 10 hadi 20, kisha futa. Usiiache siki ikalala na chuma usiku kucha, itakichubua kiwe cha kijivu kisichong'aa tena. Na mara ukiitoa, osha kwa sabuni na ukaushe hapo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu ukikitazama.

Sasa ondoa mafuta, na hapa usiwe na haraka. Asetoni kwenye kitambaa cheupe, mara tatu, kila mara kitambaa kipya, hadi kitoke cheupe. Vaa glavu kuanzia hatua hii. Hata ile sufi ya chuma utakayotumia kati ya mikono (yaani mipako) ya dawa ioshe kwa asetoni, kwa sababu hutoka dukani ikiwa na mafuta ya kuzuia kutu. Ziba tundu la mtutu pande zote mbili kwa kizibo, dawa isiingie ndani.

Chuma kiwe vuguvugu. Kwa Dodoma jua linatosha, ila mwezi wa Oktoba saa saba mchana huzidi: chuma kinachochoma kiganja hukausha dawa kabla hujaisambaza, na utapata michirizi. Kiwe cha kushikika bila kuruka. Mimina dawa kidogo kwenye kikombe cha plastiki, usichovye ndani ya chupa. Chukua pamba za masikio kwa sehemu ndogo au kitambaa kilichokunjwa kwa mtutu, na upake kwa mkupuo mmoja kutoka mwisho hadi mwisho bila kurudi nyuma. Utaona chuma kikigeuka kijivu cha majivu, halafu kahawia inayopita haraka, halafu weusi wenye bluu kwa mbali. Hesabu sekunde 30 hadi 60, suuza, kausha, pitisha sufi ya chuma kwa mkono mwepesi kama unafuta vumbi. Rudia mara tatu hadi sita. Fanyia nje, kwa sababu seleni ni sumu, na kikombe hicho kisirudi jikoni.

Maji ya kusuuzia nayo ni hatua nzima. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi ikibaki kwenye nyuzi za skrubu au chini ya saiti (kilengeo), wiki mbili baadaye kutu ya rangi ya chungwa huchungulia hapo. Tumia maji ya mvua, au maji ya betri. Ukiyanunua sema wazi unataka yale safi ya kuongezea, siyo asidi, maana maduka mengine huziweka chupa hizo rafu moja.

Ukimaliza, paka mafuta ya bunduki kwa wingi na uache hadi kesho yake. Dawa bado inafanya kazi chini kwa chini, na mafuta ndiyo yanayoisimamisha.

Ikitoka zambarau au nyekundu, usijilaumu. Vyuma vyenye nikeli na vile vilivyogumishwa kwa joto hukataa weusi, na mikono zaidi haibadilishi kitu. Chuma kisichoshika kutu na aluminiamu havipokei kabisa. Ila madoa ya duara ni alama za vidole. Rudi kwenye asetoni.

Kitako, yaani mbao ya bunduki, kinataka subira ya aina nyingine. Kukifungua, bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu. Mauser nyingi za kijeshi, zile bunduki za muundo wa Kijerumani, zina vijiskrubu vidogo vya kufuli kando ya skrubu kubwa za chini, na wasiovijua hulazimisha mpaka kichwa kinapasuka. Bonde lililopondwa hupanda kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto juu yake. Mvuke huinua nyuzi za mbao zilizolala, lakini zilizokatwa haziinuki. Mafuta meusi ya miaka mingi yatoe kwa kupaka unga wa chaki uliochanganywa na asetoni uwe kama uji mzito, uanike juani, uufute ukikauka, urudie hadi unga ubaki mweupe. Kisha msasa 180, 220, 320. Karibu na chuma usisugue, mbao ikishuka chini ya chuma haipandi tena.

Na mafuta ya kupaka yasiwe ya alizeti. Tunajua yamejaa huku kwetu na Singida, lakini hukauka nusu tu. Kitako kitanata na kushika vumbi lote la Dodoma. Tafuta linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) iliyochemshwa, kwani mbichi hunata siku nyingi. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini izame, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu. Mingine paka matone machache kwa kiganja hadi mbao ipate joto, ukiacha saa 24 kati yao. Mikono sita hadi kumi inatosha. Ncha ya mbao chini ya bamba la kitako ipake mikono mitatu zaidi, huko ndiko unyevu huingilia.

Matambara ya linsidi usiyarundike. Yakikauka hutoa joto lake yenyewe, na yakiwa yamefumbatana huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Usiihifadhi bunduki ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi hushika unyevu na chumvi za kutengenezea. Isimamishe mdomo chini. Ikisimama mdomo juu, mafuta ya mtutu hushuka taratibu hadi kwenye shingo ya kitako, mbao hulainika, na ufa huanzia nyuma ya chuma pale pale. Kiangazi kikikaza, kati ya Juni na Novemba, mbao husinyaa, kwa hiyo jaribu skrubu za chini kwa bisibisi. Mvua zikianza Desemba zijaribu tena.