Saa Yangu Ilikuwa Imetangulia

Jumapili iliyopita mwanangu alisimamisha baiskeli pale Misano, mji wa pwani huku Italia, penye kile kibustani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Baba, kwa nini hapa kuna 69?" Nikamwambia ni namba ya mtu, Nicky Hayden, aliyekuwa bingwa wa mbio za pikipiki. Akapinda shingo mpaka kofia ikagusa usukani, akaisoma kichwa chini miguu juu. "Hata hivi bado ni 69!"

Ndiyo maana yake, nikamwambia. Baba yake, Earl Hayden, aliikimbilia namba hiyo kabla ya wanawe, na mzaha wa nyumbani kwao Owensboro, Kentucky, ulikuwa kwamba hata ukibwagwa ukalala miguu juu, watu watakusoma bado.

Akacheka. Akauliza: "Ulikuwa unamshangilia?"

Hapo nikajifanya naangalia mnyororo wa baiskeli.

Mnaonifahamu mnajua 2006 nilikuwa naosha masufuria katika hoteli moja ya ufukweni, na mnajua mwenye hoteli alikuwa na kibandiko cha 46 kwenye gari, 46 kwenye kishikio cha funguo, na mshahara wangu wa Septemba mfukoni mwake. Huku si ajabu kuwa na 46. Tavullia, kwao Valentino Rossi, mwenye namba hiyo, ipo hapo juu kilimani, na padri wa kijiji alikuwa akipiga kengele za kanisa kila kijana wao akishinda. Rossi alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki miaka 5 mfululizo. Kumpinga Rossi hapa ni sawa na kukaa Malindi ukasema huli nazi.

Basi mimi nikampinga. Kimoyomoyo, maana kibarua nilikuwa nakihitaji. Nikamtafuta yeyote aliye mbele yake kwenye msimamo, nikakuta ni kijana wa Kimarekani mwenye meno meupe, Nicky Hayden wa Honda. Sikumchagua kwa uhodari wake. Nilimchagua kwa ajili ya mshahara.

Msimu wenyewe nauruka. Toni Elías alimgonga Rossi kona ya kwanza kabisa ya mbio za kwanza kule Jerez, Rossi akamaliza wa 14. Shanghai tairi likamsaliti, Le Mans pikipiki ikazima akiwa anaongoza, Assen akakimbia na kifundo cha mkono kilichovunjika, Laguna Seca injini tena. Kufika Julai alikuwa nyuma kwa pointi 51. Hayden alishinda mbio mbili tu mwaka mzima, hizo za Assen na Laguna Seca; kwingine aliokota pointi kama mtu anayepita chini ya mwembe asubuhi akikusanya zilizoanguka zenyewe. Watu wa mkahawani walikuwa wakimwita mwenye bahati. Kisha Rossi akaanza kurudi, mbio baada ya mbio, na kila akirudi mwenye hoteli alikuwa akiingia jikoni akipiga mluzi.

Oktoba 15, siku ya mbio za Estoril, Ureno, ilikuwa Ramadhani. Nilikaa mkahawani na swaumu yangu, na mzee mmoja mstaafu ambaye nilikuwa namwita Nonno, maana yake babu, akaniagizia kahawa kama kawaida yake. Sikujua nimweleze vipi. Kahawa ikapoa mbele yangu. Mzunguko wa 5, Dani Pedrosa, mwenzake Hayden wa timu moja, alijipenyeza ndani ya kona akaanguka na kumzoa Hayden. Hayden akabaki kwenye kokoto akipiga kelele ndani ya helmeti. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitamani nimtafsirie Nonno, Kitaliano changu kikakataa. Mkahawa ulikuwa unaimba. Hata mwishoni, Elías yule yule alipompokonya Rossi ushindi kwa sekunde 0.002, hakuna aliyejali. Wa pili ana pointi 20, wa kwanza 25. Tano ni nini? Rossi alikuwa ametoka nyuma kwa 12 na sasa anaongoza kwa 8, na zimebaki mbio moja.

Sasa hiyo moja.

Oktoba 29 nilitoka chumbani nikikimbia nisichelewe, mbio ni saa nane mchana. Nafika, mkahawa mtupu, runinga inaonyesha mambo ya mapishi. Nonno peke yake anasoma gazeti. Akaniangalia, akanionyesha saa ya ukutani: saa saba. Usiku ule Ulaya ilikuwa imerudisha saa nyuma na mimi hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeshahangaika vya kutosha na hawa watu wanaoita saa saba "saa moja", na sasa wanaipata mara mbili kwa siku. Nonno alicheka mpaka akakohoa. Idi ilikuwa imepita, nikanywa kahawa. Nikakaa saa nzima kwenye kiti kizuri kuliko vyote, mbele kabisa, na ndiyo maana kila mtu alinisikia.

Rossi alianza wa kwanza kwenye mstari, akaondoka vibaya, akamezwa mpaka wa saba. Hayden alipanda mbele, Pedrosa akampisha; nadhani alikuwa na deni. Mkahawa ulikuwa umejaa sasa, watu wamesimama mpaka mlangoni, mwenye hoteli nyuma yangu na skafu ya njano shingoni. Mzunguko wa 5. Tena wa 5. Kamera ilikuwa kwa walio mbele, kisha ikakatwa ghafla, ikatuonyesha kitu cha njano kinateleza kwa ubavu kwenye lami, taratibu, bila ajabu yoyote. Alikuwa Rossi. Tairi la mbele lilikuwa limemponyoka tu. Alikuwa ameishikilia pikipiki kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Wala hakupinduka. Ilikuwa anguko dogo, la aibu, la mtu anayeteleza bafuni.

Na katika kile kimya, kabla mtu hajavuta pumzi, nilipiga makofi.

Mara mbili. La kwanza lilitoka lenyewe. La pili, wallahi, nililipiga kwa makusudi.

Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia mashine ya kahawa ikipumua mvuke. Nonno alishusha kikombe kwenye kisahani polepole sana ili kisilie, na hicho ndicho kilichoniuma, ule uangalifu wake, kama tupo msibani na mimi ndiye mtoto aliyecheka. Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa bado imeumuka kwa maji ya sabuni ya msimu mzima.

Rossi aliinyanyua pikipiki, akaendelea kutoka mkiani, akamaliza wa 13. Troy Bayliss, aliyeitwa dakika za mwisho kujaza nafasi kwenye timu ya Ducati, akashinda, Loris Capirossi wa pili, Hayden wa tatu. Pointi 252 kwa 247. Hayden alizunguka uwanja na bendera, analia waziwazi, na Rossi akamfuata wakiwa bado juu ya pikipiki, akampa mkono. Watu walianza kutoka. Nonno akachukua kitambaa cha karatasi, akaazima kalamu, akaandika kwa mwandiko wa shule za zamani: 0.002. Akanieleza polepole. Kama Rossi angeshinda Estoril, leo wangefungana 252 kwa 252, na mwenye ushindi mwingi angekuwa bingwa, naye ni Rossi. Akakunja ile karatasi, akaiweka mfukoni mwangu. Akalipa kahawa zote mbili.

Mshahara wa Septemba nililipwa Novemba, pungufu. Sikuuliza.

Mei 17, 2017 nilikuwa narudi kazini nikakuta njia ya Misano ina foleni. Sikujua ni nini mpaka jioni. Hayden alikuwa kwenye baiskeli, akifanya mazoezi kama wafanyavyo wote huku, akagongwa na gari. Alifariki siku 5 baadaye hospitalini Cesena, umri miaka 35. Wale wale wa skafu za njano walinunua maua. Nilikwenda na mimi, nikasimama nyuma, mikono nimeitia mifukoni. Nonno alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, sikuwa na wa kumuuliza kama nina haki ya kusimama pale, kwa mtu niliyemshangilia kwa sababu tu ya hasira zangu kwa mtu mwingine.

"Baba," mwanangu akarudia, "ulikuwa unamshangilia ama hapana?"

"Nilimpigia makofi mara moja," nikasema.

"Moja tu?"

"Mbili." Nikamkaza mkanda wa kofia. Alilalamika kwamba unambana.