Marashi ya chai hayajaisha, ni pua iliyolala

Nimechoka kusikia kwamba marashi ya chai, yaani yale yanayonukia kama chai, ni maji ya bei ghali, eti ukijipulizia asubuhi, kabla hujafika uendako yameshayeyuka. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, na dawa niliyopewa ilikuwa moja tu: puliza zaidi. Ushauri mbaya kabisa.

Chupa yangu ya kwanza ilikuwa Eau Parfumée au Thé Vert ya Bvlgari, ile aliyoitunga Jean-Claude Ellena mwaka 1992. Dakika za mwanzo nilisikia ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, kisha majani ya chai ya kijani yaliyotoka kumwagiwa maji ya moto, mvuke bado unapanda. Halafu kimya. Nikaongeza. Kimya tena. Siku moja nilipuliza mara saba kabla ya safari ya gari na dada yangu. Akashusha kioo, akavumilia kidogo, mwisho akauliza, "Umemwagikiwa na nini, jamani?" Mimi nilikuwa sisikii hata chembe!

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Ile chai ya Ellena hasa hujengwa kwa molekuli, zikiwemo Hedione, yenye harufu nyepesi ya yasmini, na iononi. Iononi ndizo zinazolipa ua la violeti harufu yake, na zina tabia ya kuichosha pua: unazisikia, zinapotea, baada ya muda zinarudi. Kumbe marashi yalikuwepo muda wote. Aliyelala ni pua yangu.

Nikatafuta njia ya kuhakikisha, na hii ndiyo ninayojivunia. Nilichukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, nikakipuliza mara mbili, nikakitundika chumba nisichokaa. Mwilini sikujipaka chochote. Kila baada ya saa kama mbili nilitoka nje, nikatembea kidogo, nikarudi moja kwa moja kwenye kitambaa. Jioni chai ilikuwa bado ipo: imepoa, imetulia, kama ukiinamia kikombe kilichokwisha kunywewa kikakauka. Niliketi pale nikinusa kwa furaha kubwa.

Ngozi haishiki harufu kama kitambaa, hilo ni kweli, hasa ikiwa kavu. Kwa hiyo natangulia kupaka mafuta yasiyo na harufu. Tena siku hizi sipulizi shingoni kwa mbele, karibu na pua. Napuliza kisogoni na kwenye kiwiko kwa ndani, mara moja moja, ili harufu inijie kwa vipindi ninapojigeuza. Pua inapata kupumzika.

Msichanganye hizi na chai ya moshi. Tea for Two ya L'Artisan Parfumeur, kazi ya Olivia Giacobetti ya mwaka 2000, inafuata Lapsang Souchong, majani yanayokaushwa kwa moshi wa msonobari. Hiyo haijifichi, mpulizo mmoja unatosha.

Na Green Tea ya Elizabeth Arden, ya mwaka 1999? Hiyo ndimu yake huondoka mapema kwelikweli, maana molekuli za ndimu ni nyepesi. Bei yake haiumizi, kwa hiyo nabeba kichupa kidogo na kurudia mchana, tena bila kinyongo, kwa sababu zile dakika zake kumi za mwanzo ndizo nilizozinunua.