Kodi ya Marekani Nikiwa Mamboleo

Ukishachukua uraia wa Marekani, IRS, mamlaka ya kodi ya kule, haikuachi hata ukihama. Mimi naishi Mamboleo, nafundisha chuo kimoja hapa Kisumu, mshahara unakatwa PAYE, kodi ya mapato, kila mwezi, na ritani ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, naijaza kabla ya tarehe 30 Juni. Bado nadaiwa fomu 1040, ritani ya kule, inayotaka mapato yote, hata ya shilingi. Afadhali walio nje huongezewa muda kutoka 15 Aprili hadi 15 Juni.

Mhasibu wangu wa mjini, ambaye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, anaicheza kama bao la ajua, hakunizungusha: "Madam, hiyo ya Wamarekani usinitegemee." Nilimheshimu zaidi. Jamaa mwingine niliyeelekezwa kwake aliniahidi kurudishiwa pesa nyingi, akataka asilimia yake, lakini jina lake lisionekane kwenye ritani. Sheria ya kule inamtaka anayelipwa kujaza ritani aitie sahihi na kuandika PTIN, namba yake ya utambulisho kutoka IRS. Nikaachana naye.

Tovuti ya IRS ina orodha ya wajazaji ritani wenye leseni. Humo nilimpata mama mmoja wa Texas. Tulikuwa tunaongea saa tatu usiku, kwake ikiwa saa saba mchana.

Ushauri unaozunguka WhatsApp ni kwamba aliye nje ajaze fomu 2555, ambayo kwa mwaka 2024 iliondoa mapato ya kazi ya nje hadi dola 126,500. Mama wa Texas alitaka kuona kwanza P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Akashuka safu ya PAYE mwezi kwa mwezi, akanionyesha kwamba Kenya inanikata zaidi kuliko Marekani ingenidai. Si ajabu: mshahara ukishapita shilingi 32,333 kwa mwezi, kinachozidi kinaanza kukatwa 30%. Basi tukatumia fomu 1116, inayokata deni la Marekani kwa kodi uliyokwisha kulipa nje. PAYE ikafuta deni lote la kule, na ziada inaweza kusogezwa mbele hadi miaka 10. Uzuri mwingine ni huu: ukitumia 2555, ile sehemu ya unafuu wa kodi wa mtoto inayolipwa taslimu unaikosa. Mwanangu ana namba ya Social Security ya Marekani, kwa hiyo nikalipwa. Ada ya yule mama sikuionea uchungu.

Kisha akauliza: "Kuna akaunti nyingine yoyote unayotia sahihi?" Ipo, ya chama chetu cha akina mama. Mimi ndiye mweka hazina. Kumbe ukiwa na mamlaka ya kutoa pesa kwenye akaunti iliyo nje ya Marekani, inahesabiwa hata kama pesa si zako. Na akaunti zote zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata kwa siku moja, unatakiwa kujaza FBAR, ripoti ya akaunti za nje. Ya benki, ya sacco na ya chama kwa pamoja zilipita.

Kuwaeleza akina mama ndiyo ilikuwa kazi. "Marekani inatafuta nini kwa pesa zetu za viti na mahema?" aliuliza mwenyekiti, na swali lake lina haki. Niliwaonyesha fomu yenyewe kwenye simu: jina la benki, namba ya akaunti, kiasi cha juu kabisa kwa mwaka. Haitozi kodi. Wakaniuliza kama ningependa kumwachia mwingine hazina. Nikakataa. FBAR sasa naijaza mwenyewe, bure, kwenye tovuti ya FinCEN, idara ya hazina ya Marekani inayopokea ripoti hizo. Huyo mama wa Texas namwachia 1040.