Nilivyoibandua barua ya shangazi

Shangazi yangu yuko Tanga, na kwenye albamu yake ya zamani, zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu, kuna barua aliandikiwa mwaka 1974 na kijana wa mtaani kwao aliyekuwa anajifunzia gitaa la kuazima. Kijana huyo akaja kuwa mpiga solo wa kujulikana, redio ikimpiga kila siku, jina naliacha kwa heshima ya familia yake. Barua yenyewe ilikuwa imegandia humo miaka na miaka, joto la pwani na gundi havipatani, shangazi anaishia kuigusa tu juu ya nailoni.

Kilichonisukuma ni zile barua za Bob Dylan, yule mwanamuziki wa Marekani. Akiwa bado anaitwa Bob Zimmerman, anasoma sekondari kule Hibbing, Minnesota, alimwandikia mpenzi wake Barbara Hewitt barua 42 kwa mkono, yule mama akazitunza hadi alipofariki 2020 ndo bintiye akazikuta, na 2022 zikauzwa mnadani karibu dola 670,000 zikaenda duka moja la vitabu Porto, Ureno. Mi hela haikunigusa sana, kilichoniuma ni kwamba zimekutwa mwenyewe hayupo. Nikasema shangazi ya kwake ataisoma akiwa hai.

Steshenari moja wakaniambia tupige laminesheni. Nikakataa kabisa, ule moto ukishabana karatasi na plastiki ndo basi tena, hutoi.

Basi nikapiga picha kwanza kwa simu, dirishani, bila flashi, ili hata ikichanika maneno yabaki. Halafu nikachukua uzi wa kusafishia meno nikaupitisha kati ya barua na gundi, naenda kama mtu anakata kwa msumeno, taratibuuu, kidogo kidogo, feni nimezima, na pale inapogoma sivuti, nahamia upande mwingine. Masaa mawili na nusu. Pembe moja ikachanika kama ukucha hivi na iliniuma kwa kweli, lakini selotepu sikuweka, inageuka njano na kuharibu karatasi. Nikailaza kati ya karatasi nyeupe kavu, vitabu vizito juu, siku mbili, kisha ikaingia bahasha ya karatasi, nailoni hapana.

Biro ya bluu imepauka ila inasomeka. Inaanza na "waraka ni nusu ya kuonana", anauliza hali, anamuomba ajibu kwa S.L.P. ya duka analofanya kazi maana ya nyumbani itashikwa na baba. Chini kabisa kachora gitaa dogo, nikahesabu nyuzi, tano badala ya sita. Nikadhani kakosea.

Shangazi akavaa miwani, akasoma kimya, akarudia tena mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole pale kwenye gitaa.

"Uzi mmoja ulikatika mwanangu, na hela ya kununua mwingine hakuwa nayo."