Kudarizi pambo la mwaka 1597 kwa kuhesabu nyuzi

Vitabu vya mapambo vilivyochapwa Ujerumani karne ya 16 kwa kawaida havikufundisha mishono. Vilimpa mwanamke aliyekwisha kuijua sindano mchoro wa miraba, basi. Ninachokitumia zaidi ni cha Johann Sibmacher wa Nuremberg, cha mwaka 1597. Metropolitan Museum ya New York imeweka kurasa zake mtandaoni.

Siufuatishi ukurasa moja kwa moja kwenye kitambaa. Mchoro ulichongwa kwa mkono kwenye bamba la shaba, na karatasi ya miaka 400 imejikunja, kwa hiyo miraba haitoshani. Nauhesabu na kuuchora upya kwenye karatasi ya miraba, mstari mzito kila baada ya miraba 10.

Kisha natafuta sehemu inayojirudia. Hapa ndipo wengi hupotea: pambo lenye pande mbili zinazofanana lina safu ya katikati, na safu hiyo huhesabiwa mara moja. Ukiirudia, ua linanenepa na mzunguko mzima unasogea.

Ukubwa unaamuliwa na kitambaa. Kitani changu kina nyuzi 11 kwa sentimita. Kila msalaba (mshono wa umbo la X unaojaza mraba mmoja wa mchoro) unachukua nyuzi 2, yaani misalaba 5.5 kwa sentimita. Upana wa sm 60 unabeba misalaba 330. Kama pambo linajirudia kila miraba 24, linaingia mara 13, yaani 312, na 1 ya kufungia ncha ya pili. Zinabaki 17, nazigawa pembeni. Pima nyuzi za wima na za mlalo kila upande peke yake: zikiwa 11 huku na 9 kule, pambo la miraba 66 kwa 66 litatoka sm 12 kwa karibu 14.7, na duara litakuwa yai.

Mchoro wa ukanda wa pembeni mara nyingi hauna kona. Nasimamisha kioo kidogo juu ya mchoro kwa pembe ya digrii 45 na kukisogeza polepole mpaka tawi lijiunge vizuri na kivuli chake, kisha nachora kona hiyo kabla ya kushika sindano.

Ninadarizi kwa sindano butu namba 24 na nyuzi 2 kati ya 6 za uzi wa pamba, nikianzia katikati. Mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja. Ukichanganya, mwanga utaonyesha mabaka hata rangi ikiwa moja. Uzi mwekundu ninauloweka kwanza mpaka maji yawe meupe.