Vepu ya kwanza ilinirudisha kwenye fegi, ya pili ndo ikanitoa

Sa hivi nina mwaka na miezi minne sijagusa sigara hata kipisi, na nalisema hili kwa furaha kabisa maana nilivuta miaka kumi na saba, pakiti moja kwa siku, siku mbaya moja na nusu. Watu wananiuliza niliachaje, wakisikia vepu, yaani sigara ya umeme ya mvuke, wanakimbilia kununua ya kwanza wanayoiona inang'aa, wiki ya pili wako na fegi mkononi wananiambia hiki kitu hakifanyi kazi. Kinafanya. Ila ukichagua vibaya mwanzoni kinakurudisha ulikotoka, na mimi kilinirudisha, na bado nina hasira na ushauri niliopewa siku ile.

Kabla sijaendelea, kama huvuti sigara hii habari sio yako, nikotini inashika mtu na sitaki mtu aanze kwa kusoma nilichoandika mimi. Na ujue sheria ya mahali ulipo kwanza, India walipiga marufuku uuzaji wa vepu mwaka 2019, Singapore hata kukutwa nayo tu ni kosa.

Haya. Nilienda kununua na swali la kwanza nililoulizwa na muuzaji ni "unataka moshi mwingi?" Hakuniuliza navuta sigara ngapi, hakuniuliza ya kwanza naiwasha saa ngapi nikiamka, hakuniuliza chochote kuhusu uvutaji wangu. Nikasema ndio, mwingi, si nataka ile raha ya moshi. Akanitolea mashine kubwa ya betri mbili, ina kioo kinaonyesha wati, koili (ule waya unaopata moto) ya omu 0.2, omu ikiwa ndogo mvuke unakuwa mwingi, na chupa kubwa ya likwidi, yaani maji yenye nikotini yanayogeuka mvuke, ya miligramu 3 za nikotini kwa kila mililita. Akaniambia "anza na nikotini ya chini, ndo salama, ukianza juu utazidi kuwa teja." Nikamwamini kwa sababu inaonekana ni akili ya kawaida, si unataka kuacha nikotini, basi anza kidogo. Hela niliyoacha pale ingeninunulia sigara karibu miezi miwili.

Sasa sikilizeni shida ilikuwa wapi, maana imenichukua miezi kuielewa. Mvuta sigara anavuta kwa hatua mbili, moshi unaingia mdomoni kwanza, unatulia kidogo, halafu ndo unaushusha kifuani. Ile mashine kubwa haitaki hivyo, inataka uvute moja kwa moja hadi kwenye mapafu kama unavyovuta pumzi ukitoka kwenye maji. Mimi naivuta kama sigara, mdomo unajaa mvuke wa moto, nikishusha napaliwa, nakohoa mpaka machozi. Nikivuta kidogo kidogo ili nisipaliwe, sipati kitu. Kumbe ile miligramu 3 inamtosha mtu anayevuta mapafu mazima kwa sababu mashine inageuza likwidi nyingi kuwa mvuke kwa mvuto mmoja, lakini mtu anayevuta kisigara sigara kama mimi anabaki na ugwadu wake palepale. Siku ya nne nilikuwa nimeing'ang'ania asubuhi hadi jioni, chupa ya mililita 60 ikaisha ndani ya siku sita, chumba kimejaa ukungu, kila mtu analalamika, na mimi mwenyewe mikono inatetemeka kwa arosto. Siku ya tisa nikanunua pakiti, nikasema moja tu. Wiki hiyo nikawa navuta vyote viwili, na sigara hazikupungua hata moja.

Halafu nikaona nina akili kuliko muuzaji. Kama tatizo ni nikotini ndogo, si naongeza? Nikatafuta likwidi ya miligramu 20, ile ya chumvi ya nikotini, nikaijaza kwenye tangi la mashine ileile, wati 70, nikakaa kwenye kiti nikavuta mapafu mazima mara tano sita hivi maana sasa nilikuwa nimeshazoea kidogo kuivuta. Ndugu zangu. Ile ya chumvi haikwaruzi koo, inapita laini kabisa, kwa hiyo hakuna kitu cha kukwambia simama. Dakika mbili kwikwi zikanianza, zikafuatiwa na jasho la baridi, kichwa kinazunguka, moyo unapiga kama nimekimbia, nikajilaza sakafuni na kichefuchefu kama nusu saa nzima nikijiuliza kama niite mtu. Ilipita, lakini niliogopa kweli. Likwidi ya 20 ni ya vifaa vidogo vinavyotoa mvuke kidogo, usiiweke kwenye mashine kubwa hata mtu akikuapia. Na ukianza kupata kwikwi au kizunguzungu kwenye kifaa chochote, weka chini, mwili unakwambia nikotini imezidi.

Baada ya hapo mashine ikaenda kabatini na mimi nikarudi kwenye fegi miezi miwili mizima, tena kwa hasira.

Kilichonitoa ni kitu kidogo ambacho sikufundishwa na mtu na najivunia mpaka leo. Nilikuwa nimekaa nachezea kalamu ya biki, nimetoa wino, nikaweka lile bomba tupu mdomoni nikavuta hewa. Nikashtuka, maana ule ugumu wa kuvuta ulikuwa karibu kabisa na sigara, shavu linaingia ndani kidogo, hewa inakuja taratibu mdomoni. Nikachukua mrija mpana wa kunywea, nikavuta, hewa ikapita moja kwa moja hadi kifuani, na hapo ndo nikaikumbuka ile mashine. Yaani kitu nilichokuwa nimelipia hela zote zile ni mrija mpana, wakati miaka kumi na saba mdomo wangu unajua bomba la kalamu! Nikakaa na sigara yangu mbele ya kioo nijiangalie navutaje, na kweli, mdomoni kwanza, kifuani baadaye, kila mvuto, hakuna hata mmoja ulioenda moja kwa moja. Kwa hiyo ukitaka kununua, fanya hivyo nyumbani kwanza, kalamu na mrija, utajua ni kipi chako kabla hujafika kwa muuzaji na hatakuyumbisha.

Siku tatu zilizofuata nikawa naandika kila sigara niliyovuta na saa yake nyuma ya pakiti. Zilikuwa ishirini na mbili, ishirini, ishirini na tatu. Ya kwanza ndani ya dakika kumi baada ya kuamka, siku zote. Mtu wa namna hiyo miligramu 3 haimfai, ni kama kumpa mtu mwenye kiu kali kijiko cha maji.

Nilivyorudi kununua nilijua nachotaka nikasema mwenyewe: podi ndogo ya kujaza (vepu ndogo yenye kikopo cha likwidi, na hicho kikopo nacho kinaitwa podi), ya kuvutia mdomoni, koili ya omu 1.0 (kati ya 0.8 na 1.2 zote ni sawa kwa uvutaji huu), inajiwasha yenyewe ukivuta, haina kitufe, haina kioo, inachajiwa kwa waya uleule wa simu. Likwidi ya chumvi miligramu 20. Umoja wa Ulaya na Uingereza 20 ndo mwisho kisheria, Marekani unakuta mpaka 50 ila mimi 20 ilinitosha kabisa na pakiti yangu nzima kwa siku. Na uangalie mchanganyiko wa vimiminika viwili vinavyotengeneza likwidi, propilini glaikoli na glisarini nusu kwa nusu, maana ile yenye glisarini nyingi ni nzito, haipenyi vizuri kwenye koili ndogo, ni ya zile mashine kubwa. Bei ilikuwa kama pakiti tano sita hivi za sigara, sikumbuki vizuri, ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya kwanza mpaka nikadhani amekosea.

Nikaiunguza siku ileile. Nimejaza, nikavuta hapohapo, ikanijia ladha ya kitambaa kilichoungua, koo likakaza, na koili ikiungua hivyo haiponi, unatupa. Ndani ya koili kuna pamba, inatakiwa inyonye likwidi kwanza, ukijaza koili mpya subiri dakika kumi. Hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo siku ya kwanza nunua podi au koili ya akiba, tafadhali, kwa sababu ikiungua usiku na huna nyingine, unajua utatafuta nini.

Ila ile ya akiba nilivyoiweka, nikasubiri, nikavuta taratibu kama sigara, mdomoni, nikashusha, jamani. Ile dakika ya pili nikotini inapofika unaijua, mabega yanashuka. Nilikaa kimya tu nikiiangalia mkononi. Sikuhisi haja ya kuwasha sigara mpaka jioni, na hiyo ya jioni niliivuta kwa mazoea tu sio kwa ugwadu.

Asubuhi ndo vita. Ujanja wangu ulikuwa huu: usiku kabla ya kulala naijaza podi, naichaji, naiweka palepale nilipokuwa naweka pakiti na kiberiti cha gesi, na pakiti yenyewe naipeleka mbali kabisa, kwenye gari au kwa mtu. Mkono ukienda gizani unakuta vepu. Podi tupu asubuhi ni hatari kuliko rafiki mvuta sigara. Siku kumi na moja nilichanganya, sigara sita, nne, mbili, halafu siku moja nikagundua saa tano usiku kwamba sijavuta hata moja. Usikae kwenye kuchanganya muda mrefu lakini, maana madhara makubwa ya sigara yanatoka kwenye kule kuungua, lami na monoksidi ya kaboni, na hata ukivuta chache bado unaviingiza.

Kikohozi kilinisumbua wiki ya kwanza na mdomo ulikuwa mkavu sana, hiyo likwidi inavuta maji, nikawa natembea na chupa ya maji kila mahali, ikaisha yenyewe.

Kuhusu kuogopa nikotini ya juu, mimi kilichonituliza ni utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ukatoka 2019, watu 886 waliokuwa wanataka kuacha, nusu wakapewa vepu ya kujaza na nusu wakapewa vitu kama viraka na bazoka za nikotini, wote na ushauri wa ana kwa ana. Baada ya mwaka walioacha sigara upande wa vepu ni asilimia 18, upande wa pili 9.9. Na chupa waliyoanzishiwa ilikuwa ya miligramu 18. Sio 3! Nilivyosoma hiyo namba nilitamani kuirudisha ile mashine kubwa na kuisoma kwa sauti mbele ya kaunta. Nisifiche pia kwamba wengi wa walioacha sigara upande wa vepu mwaka ulivyoisha walikuwa bado wanavuta vepu, na mimi ni mmoja wa watu wa namna hiyo, ila nimeshuka, 20 miezi mitano, 10 hadi juzi hapa, sa hivi 6. Nilikuwa nashuka pale tu nilipoona nasahau kifaa nyumbani bila kupaniki.

Flava nilianza na ya tumbaku nikidhani ndo itanisaidia, haikufanana na sigara hata kidogo, ikawa inanikumbusha tu nilichokosa. Ya minti ndo ilinishika. Za matunda tamu tamu ni nzuri ila utamu unaganda kwenye koili, yangu ilikuwa inadumu wiki mbili, na zile tamu siku tano tu nakuta nyeusi. Nilikuwa naandika tarehe kwenye podi kwa maka peni ili nisijidanganye.

Likwidi ifungie juu mbali na watoto, nikotini ikinywewa ni sumu, chupa ndogo tu inatosha kumdhuru mtoto vibaya. Na zile betri za mashine kubwa za kutoa, siku moja niliweka moja mfukoni na funguo, ikaanza kuchoma paja, nikaitupa chini ikiwa ya moto kweli, vyuma vya funguo vilikuwa vimeunganisha ncha zake. Zinataka kasha lake. Podi ndogo betri iko ndani, huna hiyo kazi.

Ile mashine bado iko kabatini. Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja anayetaka kuacha aliiona akaipenda, akataka nimuuzie, alivutiwa na kile kioo. Nikamuuliza unavuta ngapi kwa siku, akasema pakiti. Nikamletea bomba la kalamu na mrija, nikamwambia vuta hivi viwili kwanza halafu tuongee. Akavuta mrija, akavuta kalamu, akarudi tena kwenye kalamu, akakaa nayo mdomoni muda mrefu tu bila kusema kitu, halafu akaniuliza ile yangu ndogo niliitoa wapi.